Baiskeli Si Alama ya Unyonge

Mtu ashukaye kutoka Tukuyu kwenda Kyela huiona nchi ikibadilika mbele ya macho yake. Mashamba ya chai huisha, baridi hukoma, joto humpokea, na ardhi hulala tambarare mpaka ukingoni mwa ziwa. Hiyo ndiyo nchi iitwayo Bondeni. Kabla mgeni huyo hajaliona Ziwa Nyasa lenyewe, hukutana na baiskeli. Huiona imebeba gunia la mpunga, imebeba ndoo za usipa, imebeba mbao, imebeba mama na mtoto wake, imebeba mwanafunzi na madaftari yake. Huiona Ipinda, huiona Matema, huiona Kasumulu penye mpaka wa Malawi. Nchi hii haina miinuko ya kumvunja mtu nguvu, na wenyeji wake waliijua neema hiyo zamani.

Leo twataka kusema juu ya chombo hicho. Twajua wako wasomaji watakaotabasamu. Watasema kwamba dunia inazungumza habari za ndege, za reli ya kisasa na za magari yaendayo kwa umeme, nasi tunaandika habari za baiskeli. Hatuoni haya. Chombo kinachobeba chakula cha watu, mazao ya watu na watoto wa watu kinastahili nafasi katika ukurasa huu, hasa wakati ambapo watu hao hao wameanza kufundishwa kukidharau.

Kwanza tutazame kazi yenyewe. Mchele wa Kyela unasifiwa nchi nzima, na hakuna mji mkubwa ambao wafanyabiashara wake hawaujui. Kakao ya Kyela huuzwa mnadani kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, na mwaka 2024 bei yake katika soko la dunia ilipanda hata ikapita dola 10,000 kwa tani. Wakulima walifurahi, na sisi tulifurahi pamoja nao. Lakini bei hutangazwa mnadani. Gunia halifiki ghalani kwa tangazo. Kutoka shambani mpaka kwenye chama cha ushirika gunia lile hupita njia nyembamba kati ya migomba na michikichi, ambako gari haliwezi kuingia, na mara nyingi anayelipitisha ni mtu mwenye baiskeli. Lori hupokea mzigo barabarani na kupewa sifa zote. Sehemu ya kwanza ya safari, iliyo ngumu kuliko zote, haimo katika hesabu ya mtu yeyote.

Ndivyo ilivyo pia ziwani. Vyungu vinavyofinyangwa Ikombe huletwa kwa mitumbwi mpaka soko la Lyulilo, karibu na Matema, na huko mnunuzi huvifunga juu ya keria kwa kamba na majani makavu, akaenda navyo bila kuvunja hata kimoja. Mtu awezaye kazi hiyo ana ufundi mkononi. Tena yuko fundi wa baiskeli, akaaye chini ya mwembe na pampu yake, viraka vyake, spoki na gololi zake katika kopo la maziwa. Huyo hakuletwa na mradi wala hakusubiri mkopo. Anakula kwa jasho lake, na watu wa kijiji kizima huendelea na safari zao kwa sababu yake. Ikiwa kujitegemea kuna picha, basi hiyo ni mojawapo.

Wazee wa Chama wanayo kumbukumbu nyingine. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 haikuwa na mali. Wale waliopeleka habari zake vijijini, wakauza kadi na kuitisha mikutano, wengi walikwenda kwa miguu, na aliyebahatika alikuwa na baiskeli. Neno la uhuru lilipita katika vumbi na tope kwa nguvu za miguu ya watu. Hatukusikia hata siku moja kwamba mwananchi alikataa kumsikiliza mjumbe kwa sababu amekuja juu ya magurudumu mawili.

Basi dharau hii imetoka wapi? Twasema imetoka katika kasumba ya zamani ambayo bado haijatuisha mwilini. Wakati wa ukoloni bwana mkubwa alipita kwa motokaa, karani wake kwa baiskeli, na mwananchi kwa miguu. Tukajifunza kupima utu wa mtu kwa chombo anachopanda. Bendera ya mkoloni ilishushwa mwaka 1961, lakini kipimo chake tuliendelea kukitumia. Siku hizi mtumishi wa ofisi akionekana juu ya baiskeli, watu hunong'ona kwamba mambo yamemharibikia. Kijana akiuza kakao yake, huulizwa lini atanunua pikipiki, kana kwamba baiskeli ni ugonjwa ambao sasa ameupatia dawa. Mwenye baiskeli mwenyewe huanza kuona haya, na mtu aonaye haya hadai haki yake.

Hapa twataka tueleweke vizuri. Hatuwashambulii vijana wa bodaboda. Hao ni wafanyakazi, na wengi wao wanalisha wazazi na wadogo zao. Pikipiki imemfikisha mgonjwa hospitalini usiku wa manane, na hatuwezi kuikana kazi hiyo. Tunakumbusha tu kwamba jina lenyewe la bodaboda lilizaliwa na baiskeli. Kule Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, vijana walibeba abiria na mizigo yao kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi cha pili, wakiwaita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Watu wa Kasumulu hawana haja ya kufafanuliwa habari hiyo, maana wao nao wanaishi mpakani, na ng'ambo ya mto Songwe ndugu zetu wa Malawi wanayo baiskeli yao ya abiria waiitayo kabaza. Pikipiki ni mtoto wa baiskeli. Haifai mtoto amfukuze mzazi wake njiani.

Tena tufikiri kidogo juu ya gharama. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipozidi kupandisha bei ya mafuta duniani, petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita hata katika Dar es Salaam yenyewe, penye bandari. Kyela iko mbali na bandari hiyo karibu kilomita 1,000. Vita vya watu wasiotujua vikaingia katika mfuko wa mkulima wa Ngonga, na nauli ikapanda bila yeye kuulizwa. Baiskeli peke yake haikupandisha bei. Iliendelea kwenda kwa wali na ndizi, vitu tunavyovilima wenyewe. Nchi inayonunua petroli yake yote nje haina budi kukiheshimu chombo kisichohitaji hata tone moja. Na wataalamu wanaotuambia kwamba moshi wa mafuta unaichafua hewa na kuiharibu mvua wangepita Bondeni, wangekuta maelfu ya watu ambao tangu zamani wanaishi maisha yanayohubiriwa leo katika mikutano mikubwa. Watu hao hawakuingia katika maisha hayo kwa ajili ya mikutano. Lakini itakuwa aibu kubwa sisi tukiyaacha siku ile ile ambayo wenzetu wanayatafuta kwa fedha nyingi.

Sasa tufike penye jambo lenyewe, nalo ni barabara. Barabara za lami zimefika Bondeni. Ile itokayo Uyole kupitia Tukuyu hadi Kasumulu inapitisha malori yaendayo Malawi na yatokayo huko. Ile itokayo Kikusya kupitia Ipinda hadi Matema imewaondolea watu mateso ya tope la masika. Tunashukuru kwa hayo, wala hatutaki kurudi nyuma. Lakini lami ilipokuja, mwendo nao ulikuja, na mwenye baiskeli hakuwekewa nafasi ya kutosha. Mtazame akirudi jioni na gunia nyuma yake. Kushoto ukingo wa lami umekatika kama ngazi, na chini yake kuna mtaro. Kulia lori linamjia kwa nyuma likipiga honi. Honi ile haimwambii apite salama, inamwambia atoke. Naye hutoka. Siku nyingine huanguka mtaroni na mzigo wake, akainuka, akafuta tope, akaenda zake. Siku nyingine hainuki.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka, na kwamba zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wenye baiskeli na wenye pikipiki. Maana yake ni kwamba wanaokufa zaidi ni wale wasio na bati la kuwakinga. Hesabu hii si ya bahati mbaya. Barabara huchorwa na watu, na yule aliyesahauliwa katika mchoro ndiye atakayekutwa amelala ukingoni.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituonya mapema. Lilieleza wazi kwamba barabara za lami huwafaa hasa wenye magari, na kwamba zikijengwa kwa mkopo, anayeulipa mkopo huo ni mkulima kwa mazao yake. Miaka imepita, lakini neno hilo halijachakaa. Mkulima wa mpunga analipa barabara kwa jasho. Je, ni haki aifikie barabara yake mwenyewe kama mwizi, akiiba nafasi ya kupita? Swali hilo si la mainjinia peke yao. Ni swali la siasa, maana linauliza nchi hii ni ya nani.

Wako watakaosema kwamba njia za baiskeli ni mambo ya Ulaya, na kwamba Wazungu walizaliwa nazo. Si kweli. Uholanzi, ambayo leo inasifiwa kwa baiskeli kuliko nchi zote, katika miaka ya 1950 na 1960 iliyapa magari nafasi mbele ya kila kitu. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua huko watu zaidi ya 3,000, na miongoni mwao walikuwamo watoto zaidi ya 400. Wazazi waliingia barabarani kwa maandamano wakidai mauaji ya watoto yakome. Mwaka 1973 mafuta yakaadimika duniani, na serikali yao ikapiga marufuku magari siku za Jumapili. Ndipo watu walipokubali kwamba mji unaweza kupangwa kwa namna nyingine. Njia zile za baiskeli zinazopigwa picha na watalii zilidaiwa na wananchi, na wengine walikwisha kuwazika watoto wao kabla ya kudai. Sisi tunayo nafasi ya kujifunza kabla ya kuzika.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Kigali, mji wa vilima vitupu, tangu mwaka 2016 imekuwa na siku maalumu za kuzuia magari katika baadhi ya barabara zake ili watu wakimbie na wapande baiskeli, na mwezi Septemba 2025 ulipokea mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika Afrika. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Biniam Girmay, kijana wa Eritrea, alishinda hatua tatu katika mbio kubwa za Ufaransa akavikwa fulana ya kijani. Ikiwa Mwafrika anaweza kupewa heshima hiyo mbele ya ulimwengu juu ya baiskeli, kwa nini mwalimu wetu aone haya kuipanda kwenda shuleni?

Dar es Salaam nayo inatupa somo, zuri na baya pamoja. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, kandokando ya barabara ya Morogoro ziliwekwa pia njia za waendao kwa miguu na wenye baiskeli. Hilo lilikuwa jambo jema, na Umma wa Wapanda Baiskeli, yaani UWABA, kwa miaka mingi umekuwa ukilidai katika jiji hilo. Lakini njia isiyolindwa haikai wazi. Pikipiki huipita, magari huegeshwa juu yake, na bidhaa hupangwa humo. Hivyo saruji peke yake haitoshi. Lazima iwepo nia ya wakubwa na nidhamu ya wote.

Mji wa Kyela unakua. Nyumba zinaongezeka, biashara ya mpakani inaongezeka, na kila mwaka barabara za mitaa zitazidi kutengenezwa. Huu ndio wakati wa kuamua tunataka mji wa namna gani. Kutenga ukanda wa njia kabla nyumba hazijajengwa ni kazi ya mchoro na kamba ya kupimia. Kuutafuta baada ya miaka ishirini ni kazi ya kuvunja nyumba za watu na kulipa fidia. Tena joto la Bondeni si la mchezo, na mvua yake ni miongoni mwa mvua kubwa nchini. Mji wenye njia pana ya baiskeli chini ya miembe na mikungu, wenye mitaro inayopitisha maji na isiyogeuka mtego, ni mji ambao mzee anaweza kutembea adhuhuri na mtoto anaweza kwenda shule peke yake. Usasa ndio huo. Mji uliojaa moshi na honi, wenye kumtisha mtoto asivuke njia, haukuendelea hata ukiwa na maghorofa.

Twaambiwa kwamba baiskeli haiwezi kila kazi. Ni kweli. Haiwezi kumfikisha mama mwenye uchungu hospitalini kwa haraka, wala haiwezi kubeba shehena kwenda Mbeya. Haiwezi kupanda Tukuyu bila kumtoa mtu jasho la damu. Hakuna aliyesema vingine. Twasema tu kwamba kwa safari nyingi za kila siku za watu wa Bondeni, kwenda shambani, shuleni, sokoni, kisimani na zahanati, chombo hiki kinatosha, na kwa sababu kinatosha kipewe njia yake.

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo. Halmashauri ya Wilaya ya Kyela, pamoja na TARURA na TANROADS, kila wanapotengeneza au kupanua barabara ya Bondeni, waweke kando yake njia ya baiskeli na ya waendao kwa miguu, na mabega ya barabara yasiachwe yakatike. Sokoni, ofisini, shuleni na kwenye maghala ya ushirika pawekwe mahali penye kivuli pa kufungia baiskeli. Wenye malori na mabasi wakumbushwe, na wakikaidi washitakiwe, kwamba mtu wa baiskeli ni mtumiaji halali wa barabara. Wasichana wanaotembea mbali kwenda sekondari wafikiriwe kwanza panapopatikana msaada wa baiskeli, maana mwendo mrefu wa jioni umewatoa wengi shuleni. Na kwa kuwa nchi yetu iliwahi kuwa na kiwanda chake cha baiskeli, NABICO, jijini Dar es Salaam, wenye dhamana ya viwanda waulize ni lini tutaacha kuagiza kutoka nje kila spoki na kila tyubu.

Lakini tusiitupie Serikali mzigo wote. Wenye baiskeli wenyewe wanalo jukumu. Baiskeli bila breki ni hatari kwa mwenyewe na kwa jirani, na baiskeli bila taa usiku ni kumtafutia dereva kesi. Mzigo unaopita upana wa mikono ufungwe upya au ugawanywe. Haki ya barabara haina budi kwenda pamoja na adabu ya barabara.

Na viongozi wa Chama wa Bondeni, tangu mabalozi wa mashina hadi wilayani, pamoja na watumishi wa umma, tunawaomba jambo moja ambalo halihitaji bajeti. Wapande baiskeli. Wasipande siku ya sherehe tu, mbele ya mpiga picha, wakati gari linawafuata nyuma taratibu. Wapande siku ya kazi, wakati wa kwenda mkutanoni kijiji cha jirani, katika barabara ile ile wanayoipita wakulima. Kiongozi aliyesukumwa mtaroni na lori mara moja hatahitaji semina ya kumweleza umuhimu wa njia ya baiskeli. Atarudi ofisini na tope kwenye suruali yake, atafungua faili la barabara, na tunaamini ataanza kazi siku hiyo hiyo.